Aliyeniita Mama Doto

Alizaliwa wapi, mwana wa nani, sijui, na yeye mwenyewe alikuwa hapendi kuulizwa. Ukianza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" anakutazama juu ya miwani iliyofungwa waya upande mmoja, anakujibu, "Mutu anaanza pale ulimukuta." Basi. Mimi nilimkuta getini, naanza getini.

Alikuwa mlinzi wa jengo letu la Hillbrow, lile lenye lifti inayofanya kazi ikijisikia. Kabla ya hapo alifundisha Kilatini katika shule ya mapadri huko Kongo ya mashariki. Kilatini! Wenzake walikuja Johannesburg na cherehani, na mikono ya kusuka, na akili ya kufungua simu iliyokufa. Yeye alikuja na lugha ambayo hakuna mtu wa kumwitikia. Nilimwambia hivyo siku moja nikiwa na hasira zangu, akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hata kule shuleni hakuna mutu alikuwa ananiitika."

Shati lake la ulinzi alilipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama, na soksi zilikuwa na matundu. Chakula chake mkate na dagaa wa kopo, kila siku, kwa uma, kitambaa kimefunguliwa magotini kama yuko kwa askofu. Mfukoni kalamu nyekundu. Meneja wa jengo akibandika tangazo la maji kukatika, Mwalimu alikuwa anasimama mbele yake, anachomoa kalamu, anasahihisha. Maji yalikatika vilevile, lakini tangazo lilikuwa na nukta na koma zake.

Nilimwamkia "Shikamoo" miaka yote ile na hakuwahi kuitikia sawasawa. Mara "Jambo," mara "Ndiyo, mama," mara anavua kofia. Nilizoea.

Nina mapacha. Kwetu Shinyanga mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, imekwisha. Na mama anaitwa kwa yule wa kwanza. Kwa hiyo saluni naitwa Mama Kulwa, kanisani Mama Kulwa, baba yao mpaka siku anaondoka kwenda Cape Town kutafuta kazi, na hiyo kazi bado anaitafuta, aliniita Mama Kulwa. Mwalimu peke yake ndiye aliyeniita Mama Doto. Nilimuuliza kwa nini. "Yule wa kwanza watu watamukumbuka," akasema. "Wa pili anaomba mutu wa kumukumbuka."

Nilimpenda kwa neno hilo. Naliandika hapa mapema, kwa sababu mengine ninayotaka kuyasema si ya kupenda.

Watoto wa jengo wakitoka shule walikuwa wanakaa kwenye ngazi za getini, na yeye anawasimulia habari za waanzilishi wa Roma. Si kwa kitabu. Kitabu alikuwa nacho, kimekatika jalada, lakini alikikalia tu, kiti kilikuwa kifupi. Alianza na Enea, aliyekimbia mji unaowaka, baba yake mzee mgongoni, mtoto wake mkononi. Hapo Mwalimu alikuwa anasimama, anainama, anambeba mtoto mmoja mgongoni, anazunguka kibanda cha ulinzi akihema. Watoto wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza na Kizulu, sasa ungesikia: "Hau, Mwalimu, he's heavy!" Naye, "Iko nzito! Baba iko nzito! Kimbia!"

Halafu anawaambia, huyu Enea alikuwa mkimbizi. Hana karatasi. Na kutoka kwake ndiyo walizaliwa wale mapacha wawili waliotupwa mtoni kwa amri ya mfalme, Romulus na Remus, wakanyonyeshwa na mbwa mwitu, mchungaji akawaokota. Na Romulus alipojenga mji hakuwa na watu, akafungua kilima kimoja: kila aliyekimbia aje, mtumwa aje, mwenye madeni aje, haulizwi katoka wapi. "Mji mukubwa kuliko yote," Mwalimu anajipiga gotini kwa kiganja, "ni wakimbizi ndio walianzisha. Nani anakuambia wewe si kitu?"

Watoto wa Hillbrow, jamani. Wanaoitwa majina ya matusi kila siku shuleni. Walikuwa wanatoka pale vifua mbele.

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza huku nasuka mtu kwenye kiti cha plastiki, na nina masikio. Nikamuuliza, "Na mke wa Enea?"

"Alipotea njiani."

"Kambeba baba, kamshika mtoto, mke anafuata nyuma?"

"Alirudi kumutafuta. Hakumupata."

"Alirudi kweli?"

Mwalimu akachukua daftari lake la wageni akaanza kusoma majina yaliyokwisha kuandikwa. Hakunijibu siku ile wala siku nyingine, na mwisho nikaelewa nimeuliza habari za mke wa nani. Sikuuliza tena. Lakini hasira ilibaki. Katika hadithi zile zote za kuanzisha mji, mwanamke anaachwa nyuma, au anaibwa kwenye sherehe, au anafungwa gerezani kama mama wa wale mapacha. Aliyewanyonyesha mpaka wakasimama ni mbwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa daftari. Nilichungulia. Ameandika: *Mama Doto iko sawa.*

Msimwone mtakatifu. Huyu wa kilima kilichofunguliwa kwa kila mkimbizi, ndiye huyo huyo aliyemfungia geti msichana wa Kimalawi na begi lake mvua ikinyesha, eti jina lake halimo kwenye daftari. Nilishuka ghorofa sita kumfokea.

"Wewe si ndiye unasema Romulus alifungua?"

"Romulus alikuwa na kilima," akasema. "Mimi niko na kiti, na kiti si yangu."

Na siku wale wenye fimbo walipopita mtaani wakiimba wageni watoke, tulimtafuta mlinzi wetu hatukumwona. Alikuwa amejifungia chooni ghorofa ya kwanza na daftari la wageni kifuani. Alipotoka, kijana mmoja wa gereji akamkejeli, "Eish, Mwalimu, Romulus yuko wapi?" Akamjibu bila aibu hata kidogo, "Majina yenu yote iko humu. Ulitaka wayasome?" Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa woga au akili. Nadhani alikuwa navyo vyote viwili na alivitumia pamoja.

Jambo ambalo jengo zima lilimheshimia ni fomu. Fomu ya shule, ya kliniki, ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, alikuwa anawajazia watu bure, herufi zake zimesimama kama askari. Na hakuandika uongo. Mtu akimwambia, "Andika nimefika mwaka ule," anaweka kalamu chini. "Siandiki kitu sijui." Walimtukana, wakaondoka, wakarudi, kwa sababu fomu zake zilikuwa hazirudishwi. Na watoto aliwafundisha hivyo hivyo, kwa kuwainua kidevu mmoja mmoja: "Jina yako usiikane mbele ya mutu yeyote. Mbele ya polisi, mbele ya mufalme." Wa kwangu walikuwa wanaliimba bafuni.

Nakuja sasa kwenye lile.

Tulipata siku ya kupeleka watoto ofisi ya wakimbizi wakaingizwe kwenye faili yangu ya hifadhi. Siku hiyo ukiikosa hujui utapewa lini nyingine, kuna watu wamezeeka kwenye foleni ile. Doto akapata tetekuwanga siku mbili kabla. Vipele uso mzima, homa. Ofisini wangemrudisha mlangoni, na sisi wote pamoja naye. Nilishuka getini nikalia. Si kulia kwa kupanga. Nililia nikiwa nimeshika bomba la maji kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika.

Mwalimu akanisogezea kiti chake. Halafu akasema, "Yule muchungaji aliyeokota batoto, alimudanganya mufalme miaka yote. Bila uwongo yake hakuna Roma." Akafikiri. "Pacha ni uso mumoja. Kulwa aingie mara mbili. Shati mbalimbali."

Ndiyo hivyo. Uongo mmoja katika maisha yake, na alinipa mimi.

Akaja na sisi, amevaa tai. Kulwa akaingia na shati la bluu, akapigwa picha, sawa. Tukamtoa nje, Mwalimu akambadilisha shati jekundu nyuma ya kibanda cha kuuza vetkoek, yale maandazi ya huku, tukarudi kwenye dirisha lingine. Karani akaipokea kadi ya kliniki ya Doto, akaiweka kwenye bahasha. Kila kitu sawa. Halafu, kwa wema tu, kwa kutaka kumchekesha mtoto, akainama akauliza, "And what's your name, my boy?"

Kulwa akainua kidevu. Akamtazama Mwalimu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kulwa."

Karani alicheka kwanza. Kisha hakucheka. Akaenda kwenye lile dirisha la kwanza, akarudi na picha, akamvua mtoto kofia, akatazama kovu la nyusi hapa na kovu la nyusi pale. Nikasema wako wawili, mwingine anaumwa, yuko nyumbani. "Of course, mama," akasema. Akaandika kwenye kompyuta kitu ambacho hatukuonyeshwa. Bahasha ikabaki kwake.

Tangu siku hiyo nina mtoto mmoja.

Nimemleta Doto mwenyewe baada ya hapo, mzima, na vipele vimekauka, nimewasimamisha wawili bega kwa bega mbele ya dirisha. Wanasema huyu wa pili anaweza kuwa wa mtu yeyote. Nikaenda hospitali walikozaliwa, faili haionekani. Nikasema basi tupimwe damu. Wakasema vizuri, kwa kipimo mtoto lazima awe kwenye faili. Nimeuliza, na kwenye faili ataingiaje? Kwa kipimo. Sijatunga. Nilicheka mle ndani na walinzi wakanitoa.

Kulwa akaanza shule Yeoville, sare, begi, kila kitu. Doto akabaki getini na Mwalimu. Na hapo lazima niseme ukweli: alimfundisha. Kusoma, kuandika, hesabu, hata hicho Kilatini chake. Doto anaandika vizuri kuliko ndugu yake. Mwalimu hakuniomba msamaha kwa maneno hata mara moja, aliniombea msamaha kwa mtoto huyo kila siku ya kazi, na mimi sikumpa. Nilikuwa napita getini nasema "Shikamoo" kama natupa jiwe.

Jumapili yake ya mapumziko alikuwa anawachukua wote wawili kwenda kilimani Observatory. Roma ilijengwa vilimani, anasema, lazima watoto waone mji kutoka juu. Kule alikuwa anawachezesha ndege. Kwenye hadithi, mapacha walibishana nani aanzishe mji, wakaamua kuangalia angani. Remus akaona tumbusi sita. Romulus akaona kumi na mbili. Sisi hatuna tumbusi, tuna hadeda, yale madege ya kijivu yenye mdomo mrefu yanayopiga kelele asubuhi kama mtu amekanyagwa. Kulwa jiwe hili, Doto jiwe lile, wanahesabu hadeda. Kulwa alikuwa mwizi, alipata kumi na mbili kila Jumapili. Doto alihesabu waliokuwepo.

Siku moja Doto akaja jikoni nakaanga samaki. "Mama, yule Remus aliruka ukuta wa ndugu yake, wakamuua."

"Nani kakwambia?"

"Niliuliza mwisho wake. Mwalimu hawezi kudanganya." Akatazama samaki. "Kulwa ndiye ana mji. Mimi ndiye yule mwingine?"

Nilishuka na mwiko mkononi. Nilimwambia Mwalimu maneno ambayo siyaandiki, watoto wangu wanajua kusoma. Nikamwambia, ulimdanganya mfalme mara moja ukashindwa, huwezi kumdanganya mtoto mdogo kuhusu mtu aliyekufa zamani? Ungesema walikumbatiana! Ungesema waliishi! Nani angekuja kukukagua?

Alisimama. Kofia mkononi. "Nilimwambia pia," akasema, "kwamba Romulus alilia. Na mji wote ulijengwa juu ya kosa ile."

"Doto si msingi wa nyumba ya mtu," nikamwambia.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuligombana, kwa sababu muda si mrefu jengo likafungiwa geti la kidole, unaweka kidole linafunguka. Wakamwambia asante. Akachukua kiti chake kifupi na kitabu chake, akaenda kukaa Diepsloot kwa mpwa wake mwenye spaza, kiduka cha mtaani. Kidole cha Kulwa kinafungua geti. Cha Doto hakifungui, kwa sababu walioandikishwa ni wenye karatasi. Mwanangu anapita nyuma yangu akinishika sketi, mkubwa vile.

Mwaka huu dada mmoja wa msaada wa sheria aliniambia kuna mlango umebaki. Mtu aliyekuwepo siku ile aape kwa maandishi kwamba watoto walikuwa wawili, mmoja mgonjwa nyumbani, na kwamba yeye ndiye aliyepanga kumwingiza mmoja mara mbili. Akaniandalia barua. Ilibaki sahihi tu.

Nikamvalisha Doto shati jekundu, tukaenda Diepsloot.

Tulimkuta nyuma ya spaza, kwenye kreti la soda, anapanga vitunguu vitatu vitatu kwenye mifuko. Shati limepigwa pasi. Amekonda. Aliponiona alisimama, akavua kofia ambayo haikuwepo kichwani, mkono ukapita hewani.

"Mama Kulwa!" akasema. "Karibu, Mama Kulwa."

Nikajua. Kabla ya kitu chochote, nikajua.

Nikakaa. Nikamweleza pole pole, kama yeye alivyokuwa anawaeleza watoto. Nikampa barua. Akaisoma yote, Kiingereza chote, akachomoa kalamu nyekundu. Akaongeza koma mbili. Akafuta herufi moja kubwa. Akanirudishia.

"Imeandikwa muzuri sasa."

"Weka sahihi, Mwalimu. Hapa chini."

"Inasema kulikuwa na batoto wawili."

"Walikuwa wawili."

"Mimi nakumbuka Kulwa." Akasema kwa upole sana, kama ananipa pole ya msiba. "Mutoto ya akili. Anahesabu ndege. Ni mumoja tu, mama. Na hapa inasema nilipanga uwongo. Mimi?" Akatikisa kichwa. "Siandiki kitu sijui."

Doto alikuwa amesimama pembeni ya friji. Akaja mbele bila kuambiwa. Akainua kidevu.

"Mimi Doto."

Uso wa mzee ukawaka. Nakwambia uliwaka! Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Voilà! Jina yako usiikane mbele ya mutu yeyote. Muzuri. Muzuri sana." Akamtazama juu mpaka chini, kwa hamu ya kweli, kwa adabu, akamuuliza kile ambacho maisha yake yote hakukubali mtu aulizwe:

"Uko mutoto wa nani?"

Mpwa wake alikuwa mlangoni, ameshika boksi la biskuti. Akaninong'oneza, "Dada, mshike mkono tu asaini. Hata sisi tunamfanyia hivyo kwenye dawa. Sharp, hakuna atakayejua."

Niliushika. Nasema wazi, niliushika mkono wa Mwalimu na kalamu ndani yake, ukawa mwepesi kama wa mtoto, haukubisha. Nikaushusha mpaka kwenye mstari. Halafu nikamwona Doto ananitazama. Nikajiona dirishani ofisini, karani anainama kwa wema wake, "And did the old man remember you, my boy?" Na mwanangu anainua kidevu.

Nikauachia mkono. Si kwa wema. Mtu asije akanisifu hapa. Niliuachia kwa sababu mzee huyu ameniharibia watoto wote wawili, hawajui kusema uongo, na mji huu haukuanzishwa kwa ajili ya watu kama hao.

Mwalimu akarudi kwenye vitunguu. Akampa Doto mfuko mmoja, akampigia saluti ya getini. Mimi nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo.

"Marahaba," akasema. Sawasawa kabisa, mara ya kwanza.

Tukasimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja teksi. Barua iko kwenye pochi na koma zake mbili nyekundu. Hadeda wakapita juu ya mabati, wanapiga ile kelele yao mbaya, na Doto akawafuata kwa kidole mpaka wa mwisho.

"Sita, mama."

"Hesabu tena," nikamwambia.